Paa Lililoota Kijani, Weusi au Magamba: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Juni hadi katikati ya Agosti, malalamiko kuhusu mapaa ya Nairobi hufanana. Masika yamekwisha, lakini wingu zito linakaa juu ya mji siku baada ya siku, manyunyu yanashuka asubuhi, na paa lililokuwa jekundu mwezi wa Januari sasa limefunikwa na kijani. Mwenye nyumba hununua dawa, humwita kijana wa kupulizia, hufurahi kwa miezi michache, kisha Julai inayofuata huanza upya. Kwa miaka ambayo nimeshughulika na matengenezo ya nyumba, nimeona kwamba karibu kila mara kosa ni moja: watu huua kile kinachoota bila kuuliza kwa nini maji hayaondoki mahali hapo. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili unayoiona, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachopatikana mara nyingi zaidi.

Mambo mawili ya kujua kabla ya kuweka ngazi

La kwanza linahusu jua. Nairobi iko kusini kidogo mwa Ikweta, kwa digrii moja na ushei, na kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, na hii ndiyo miezi ya baridi na manyunyu. Kwa hiyo mteremko wa paa unaotazama kusini hupata mwanga wa mshazari tu, tena katika kipindi ambacho unyevu haukauki kwa urahisi. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya huwaambia watu wachunguze upande wa kaskazini. Hapa kwetu anza na wa kusini, kisha upande wowote ulio chini ya kivuli cha mti au cha jengo la jirani.

La pili linahusu maji. Nyumba nyingi za mji huu huvuna maji ya mvua, na kila kitu unachokimwaga juu ya paa hushuka kwenye gata na kuishia ndani ya tangi. Kabla ya dawa yoyote kuguswa, tenganisha bomba linaloingia tangini, na usilirudishe mpaka paa limesuuzwa vizuri na mvua moja kubwa au mbili zimepita na kumwagwa chini. Haya si mapendekezo ya hiari. Mtoto hajui kwamba maji ya bomba la nyuma yamepitia kwenye dawa.

Tazama kwanza ukiwa chini. Kamera ya simu ikikuzwa itakuonyesha mengi, na itakuepusha na hatari ya kupanda bila sababu.

Dalili: michirizi myeusi inayoteremka kutoka kileleni

Chanzo cha kawaida zaidi ni viumbe vidogo vya jamii ya mwani wa bluu-kijani. Kwenye shinglezi za lami, kiumbe kinachohusika sana huitwa Gloeocapsa magma. Chenyewe si cheusi tangu mwanzo, bali hujifunika utando wenye rangi nzito unaokilinda dhidi ya jua, na utando huo ndio unaoonekana kama masizi. Chanzo cha pili ni kuvu inayokula vumbi na takataka za majani. Cha tatu ni masizi halisi, hasa kwa nyumba zilizo karibu na barabara yenye malori au karibu na bomba la moshi la jikoni. Cha nne, ambacho husahaulika, ni maji yanayofurika kutoka kwenye tangi lililowekwa juu ya paa: ukiona mchirizi mmoja mpana unaoanzia chini ya tangi, mtafute fundi wa mabomba kabla ya fundi wa paa.

Kipimo cha kutofautisha ni rahisi. Chukua kigae au shinglezi unayoweza kuifikia salama kutoka kwenye ngazi, ukiwa umevaa glavu na miwani, kisha utie matone machache ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ambayo wengi huiita Jik bila kujali jina lililoandikwa kwenye chupa. Weusi ukififia baada ya dakika chache, ni kitu chenye uhai. Usipobadilika, ni masizi au kutu, na dawa ya kuua mwani itakuwa hasara tupu.

Ikiwa ni mwani na paa ni la shinglezi za lami, mchanganyiko unaotumika ni klorini ya kufulia na maji kwa kiasi sawa, unaopulizwa kwa shinikizo la chini, ukaachwa kwa dakika 15 hadi 20, kisha ukasuuzwa kwa maji mengi. Lowesha mimea iliyo chini ya paa kabla na baada ya kazi, kwa sababu klorini huunguza majani. Usiitie klorini kwenye chombo kilichokuwa na dawa ya choo yenye asidi wala dawa yenye amonia, kwani gesi inayotoka huumiza mapafu na inaweza kuua mtu. Onyo hili linajulikana, na bado kila nikimkuta mtu akichanganya dawa kwenye ndoo hunilazimu kulirudia.

Kwenye mabati, na hasa mabati yale yenye chembe za mawe yaliyofanana na vigae, usitumie klorini. Hula zinki na kudhoofisha gundi inayoshikilia chembe hizo. Tumia maji, sabuni isiyo kali na brashi laini, na usome hati ya dhamana ya mtengenezaji kabla ya jambo lolote jingine.

Dalili: zulia la kijani juu ya vigae

Hili ndilo tatizo linalonipa kazi nyingi, hasa katika maeneo yenye miti mikubwa kama Karen, Lavington, Loresho na Muthaiga. Ninaita zulia la kijani ile mimea mifupi, laini kama sufu, inayokaa katika viungo vya vigae na kuvimba mvua inaponyesha. Mimea hii haina mizizi ya kweli. Hunyonya maji kwa mwili wake wote kama sifongo, na hapo ndipo madhara yanapoanzia. Sifongo hilo likikaa kwenye kiungo kati ya vigae viwili, maji yanayopaswa kuteremka husimama, hupenya kuelekea juu chini ya kigae cha pili, na hatimaye hufikia mbao. Zulia likinenepa, huinua ncha ya kigae, na upepo wa mvua huingiza maji ndani moja kwa moja.

Chanzo cha kwanza ni kivuli. Mti ulioinamia paa huzuia jua, hudondosha majani yanayogeuka udongo, na huendelea kutonesha maji saa nzima baada ya mvua kukatika. Kata matawi yaliyo juu ya paa kabla ya kufikiria dawa. Ikiwa mti ni mkubwa au uko mpakani na jirani au barabara, zungumza kwanza na jirani na uulize kaunti kuhusu kibali, kwa maana panga lililotumiwa kwa haraka limeleta kesi nyingi.

Chanzo cha pili ni uzee wa kigae. Vigae vya udongo vya Mangalore vilivyoezekwa miongo mingi iliyopita, na vigae vya saruji ambavyo ngozi yake ya juu imeliwa na mvua, huwa na vinyweleo vinavyohifadhi unyevu. Kipimo chake ni kumwagia kigae kikavu maji kidogo. Yakitiririka na kuacha matone, ngozi bado ipo. Yakinywewa mara moja na kigae kikabadilika rangi, ngozi imekwisha, na hata ukisafisha leo zulia litarudi.

Chanzo cha tatu ni mteremko mdogo. Vibaraza na vyumba vilivyoongezwa nyuma ya nyumba mara nyingi huezekwa kwa mteremko uliolala kuliko wa nyumba yenyewe, na utaona kijani kimeanza hapo huku paa kuu likiwa safi. Kwa chanzo hiki hakuna dawa ya kudumu isipokuwa kuezeka upya.

Kuhusu uondoaji, chagua Januari au Februari, kabla ya masika, zulia likiwa limekauka na kulegea. Fanya kazi kutoka kileleni kwenda chini, kwa kikwangulio cha plastiki au cha mbao na brashi ngumu ya nailoni, kamwe si ya waya. Sukuma kuelekea chini tu, kwa kuwa ukisukuma kuelekea juu utainua vigae na kupasua pembe zake. Usikanyage kigae katikati. Tumia ngazi ya paa yenye ndoano inayoshika kileleni, na pale unapolazimika kukanyaga, weka mguu karibu na ukingo wa chini wa kigae, mahali kinapolalia kile kilicho chini yake. Ziba midomo ya mabomba ya gata kwa vitambaa kabla hujaanza, la sivyo uchafu wote utateremka na kuziba bomba usiloweza kulifikia.

Baada ya kukwangua, mabaki madogo huuawa kwa dawa yenye benzalikoniamu kloridi, inayopulizwa paa likiwa kavu na hakuna dalili ya mvua kwa siku nzima. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, usizidishe. Mabaki hayafi siku hiyo hiyo. Hubadilika rangi ya hudhurungi polepole kwa wiki kadhaa. Wengi hupulizia mara ya pili kwa kukosa subira, na ya pili huwa haikuhitajika. Dawa hii ni sumu kwa samaki na viumbe vya majini, kwa hiyo maji ya kusuuzia yasielekezwe kwenye kijito wala bwawa.

Kuna wanaotumia mrututu, yaani salfeti ya shaba, kwa sababu ni rahisi kupatikana kwa wauzaji wa pembejeo za kilimo. Kweli shaba iliyomo huua mimea hii. Lakini maji yenye shaba yakitiririka juu ya mabati, gata ya mabati au misumari yenye zinki, huila zinki hiyo na kuanzisha kutu. Mrututu pia ni sumu kwa samaki, na haustahili kukaribia tangi la maji ya nyumbani. Mimi sitautumia juu ya paa la mtu.

Kinga ninayoipenda zaidi ni ukanda mwembamba wa zinki unaofungwa chini kidogo ya vigae vya kileleni. Kila mvua inyeshapo, chembe kidogo za zinki huteremka na kuzuia kuota. Hii ndiyo sababu mabati mapya yaliyopakwa zinki mara chache huota kitu. Ukanda huo haufuti kilichokwisha kuota. Hulinda paa lililosafishwa tayari.

Dalili: mabaka magumu ya kijivu, meupe au ya njano yaliyoshikamana na kigae

Haya ni ushirika wa kuvu na mwani wanaoishi kama kiumbe kimoja. Hukua polepole sana, milimita chache kwa mwaka, na hushikamana na kigae kwa nguvu. Yana tabia ya kupenda hewa safi, maana moshi wenye salfa huyadhuru, hivyo kuyaona juu ya paa lako si habari mbaya kwa mapafu yako.

Ushauri wangu ni kuyaacha, isipokuwa yanazuia njia ya maji. Anayeyakwangua yakiwa hai huondoka na ngozi ya kigae pamoja nayo. Ukilazimika kuyaondoa, yapulizie dawa ile ile ya benzalikoniamu kloridi, uyaache yafe na kupukutika yenyewe kwa msimu mmoja au zaidi, na ukubali kwamba alama nyeupe za duara zinaweza kubaki.

Dalili: rangi ya chungwa au ya kutu

Kwenye mabati, dhania kutu kwanza, hasa kuzunguka misumari na pale mabati yanapopishana. Kutu huacha unga wa hudhurungi kidoleni na bati huwa na vishimo. Kwenye saruji, ukuta na vigae, rangi hiyo hiyo inaweza kuwa mwani wa jamii ya Trentepohlia, ambao kwa asili ni wa kijani lakini hujaa rangi ile inayopatikana ndani ya karoti. Matone ya klorini yatakupa jibu kwenye saruji: mwani hufifia, kutu haifutiki. Bati lililooza mpaka kutoboka halipakwi rangi, hubadilishwa.

Dalili: utelezi wa kijani kwenye paa la zege

Mtaani kwenye majumba ya ghorofa, paa la juu ni zege bapa lenye matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo. Hapa hatari kubwa ni mtu kuteleza, na mara nyingi ni mama au msaidizi wa nyumbani aliyebeba beseni la nguo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kufunga eneo hilo kwa kamba au kuweka alama, leo, kabla ya uchunguzi wowote.

Chanzo kinachoongoza ni boya la tangi lililoharibika. Panda usiku au alfajiri, maji ya mgao yanapoingia, usikilize. Ukisikia maji yakimwagika kutoka bomba la ziada huku kila mtu amelala, umepata jibu, na boya jipya ni la bei nafuu kuliko dawa yoyote. Chanzo kinachofuata ni tundu la kutolea maji lililozibwa na majani, mifuko ya plastiki na vibanio vya nguo. Safisha, kisha uweke wavu.

Vikiwa vyote viwili ni vizima, subiri mvua kubwa, upige picha baada ya saa 48. Dimbwi ambalo bado lipo wakati huo linaonyesha kwamba mteremko wa lipu haukufanywa sawasawa au zege limeshuka. Kusugua kwa brashi na mchanganyiko wa klorini kutaondoa utelezi, lakini dimbwi litaurudisha. Kinachohitajika ni kurekebisha mteremko na kuweka upya utando wa kuzuia maji. Usimwage lipu nzito juu ya zege bila mhandisi kukagua, kwa sababu huo ni uzito ambao jengo halikupimiwa.

Ukiona mche unaota kwenye ufa, utazame kwa makini. Ndege na popo hula tini za mugumo na kuacha mbegu juu ya majengo yetu, na mzizi wa mti huo hupasua ukuta. Mche wenye majani mawili matatu hung'olewa kwa mkono. Ulioshika tayari usivutwe, maana utang'oa kipande cha ukuta. Ukate, upake kisiki dawa ya kuua magugu, na kama ufa unapita hadi chini au nondo zinaonekana, mwite mhandisi wa majengo.

Dalili: nyasi na miche ndani ya gata

Ni majani yaliyooza na vumbi. Mjakaranda huchanua kuanzia Septemba, na maua yake hujaza gata wiki chache tu kabla ya mvua za vuli za Oktoba. Safisha mwishoni mwa Septemba na tena katikati ya Novemba. Kama gata huota haraka hata baada ya kusafishwa, imelala: mwaga ndoo ya maji upande wa mbali na uangalie kama yanafika kwenye bomba. Gata yenye maji yaliyosimama huzalisha mbu vilevile.

Dalili: paa lilioshwa, sasa linavuja

Mashine ya maji ya presha, ile ya kuoshea magari, imeharibu mapaa mengi kuliko mimea yenyewe. Maji hayo husukumwa kuelekea juu chini ya vigae, hung'oa saruji inayoshika vigae vya kileleni, na hukwangua ngozi ya kigae ili msimu unaofuata mimea iote haraka zaidi.

Anza na jambo rahisi: kagua gata na mabonde ambapo miteremko miwili inakutana, kwa sababu vipande vilivyong'olewa huziba hapo na maji hufurika kuelekea ndani. Kisha, mchana wa jua, ingia juu ya dari na uzime tochi. Kila tundu la mwanga ni kigae kilichohama au kupasuka. Usipoona mwanga, mtu mmoja abaki ndani huku mwingine akimwagia maji ya bomba la bustani kuanzia ukingo wa chini, sehemu moja kwa dakika kadhaa, akipanda polepole. Ukianzia juu, hutajua maji yaliingilia wapi. Ukikuta mbao zimelainika kiasi cha kupenywa na bisibisi, acha. Hiyo ni kazi ya seremala wa paa, na hakuna anayepaswa kusimama juu ya sehemu hiyo.

Mahali pa kuacha kabisa

Nyumba nyingi za zamani mjini zimeezekwa kwa mabamba ya kijivu, mazito, yenye mawimbi, ambayo mimea hupenda kuota juu yake. Mengi ya mabamba hayo ni asbestosi. Usisugue, usikwangue, usioshe kwa presha, usitoboe. Nyuzi zinazoruka hewani zikivutwa huleta saratani na ugonjwa wa mapafu ambao hujitokeza miaka mingi baadaye. Mabamba hayo pia huvunjika ghafla chini ya uzito wa mtu. Asbestosi nchini Kenya huhesabiwa kuwa taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya wenye leseni chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Usipokuwa na hakika kama ni asbestosi au la, ichukulie kuwa ndiyo mpaka mtaalamu akuhakikishie.

Acha pia ikiwa paa liko juu ya ghorofa ya kwanza, ikiwa limebonyea, ikiwa ngazi yako itakaribia waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo, au ikiwa kuna nyuki chini ya vigae. Fundi utakayemwita aje na mkanda wa usalama na kamba, na akueleze kabla ya kulipwa ni dawa gani ataipuliza na atalitenganishaje tangi lako. Asipoweza kujibu la pili, mtafute mwingine.